Shahada ya kemia huamuliwa kidato cha pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalonikera kila msimu wa mahafali. Vyuo vikuu vikishatunuku shahada, picha za wahitimu hujaa magazetini, na ukitazama upande wa kemia na fizikia wavulana ndio wengi. Hapo huanza maelezo: wasichana hawapendi sayansi, wanaogopa hesabu, hawajiamini. Wanaosema hivyo wana nia njema, na kwa kawaida humalizia kwa kuwahimiza mabinti wajitume. Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari ya kata huku Newala, mkoani Mtwara. Ni mwanamke, na nina shahada ya sayansi na ualimu katika kemia na baiolojia. Nawaambia wasomaji wako kwamba binti anapofika kuhimizwa ajitume, mambo yake yalishaamuliwa siku nyingi. Yaliamuliwa kidato cha pili.

Kwa wasiojua mambo yanavyokwenda, nieleze. Kwa miaka yote niliyofundisha, wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili husoma fizikia, kemia na baiolojia wote. Wakishavuka mtihani wa taifa wa kidato cha pili, Januari wanaingia cha tatu, na hapo ndipo njia zinapoachana. Anayetaka anaendelea na fizikia na kemia. Asiyetaka anaziacha, anabaki na baiolojia na hisabati ambazo ni za lazima. Mara nyingi mzazi hana habari. Mwalimu wa taaluma anasimama mbele ya darasa, anauliza nani anachukua sayansi, mikono inanyooshwa, majina yanaandikwa, basi. Mtoto wa miaka kumi na tano aliyeacha mkono wake juu ya dawati asubuhi ile hawezi tena kusoma michepuo ya sayansi ya kidato cha tano na cha sita: PCB (fizikia, kemia, baiolojia), wala PCM (fizikia, kemia, hisabati), wala CBG (kemia, baiolojia, jiografia). Hatakuwa mfamasia, hatakuwa daktari, hatakuwa mkemia wa kiwanda, na hatakuja kunipokea mimi chaki nitakapostaafu.

Swali langu ni hili: mtoto huyo anaamua kwa kutazama nini? Kemia ameiona wapi?

Wengi mtakumbuka kampeni ya maabara. Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara, na mwaka 2014 ukawa mwaka wa michango nchi nzima. Wazazi walichanga, wengine fedha, wengine mchanga, wengine nguvu zao. Majengo yakasimama, na siwezi kuyadharau kwa sababu najua jasho lililomo. Lakini ingia ndani ya mengi ya majengo hayo utakuta meza za zege, sinki ambalo bomba lake halijawahi kutoa maji, na kabati moja lenye kufuli. Kilichomo kabatini kimenunuliwa kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Baraza la Mitihani huzijulisha shule kemikali na vifaa vitakavyotakiwa kwenye mtihani wa vitendo, na ndipo mkuu wa shule anapoanza kuhangaika na fedha. Kemikali zinafika Oktoba, kidato cha nne wanafanya mazoezi ya haraka haraka jioni, Novemba wanaingia kwenye chumba cha mtihani. Wadogo zao wa kidato cha pili wanachungulia dirishani mpaka wafukuzwe. Kwao kemia ni ubao: alama, namba ndogo chini ya herufi, mishale. Wanakariri kwamba asidi hugeuza litmasi ya buluu kuwa nyekundu na hawajawahi kuishika karatasi ya litmasi.

Na hata pale zoezi linapofanyika, tazama nani anashika nini. Nimelitazama hili kwa muda mrefu na sasa naliona kila ninapoingia maabara, hata maabara za shule jirani tunapokwenda kusimamia mtihani. Vifaa ni vichache, kwa hiyo wanafunzi wanakaa kwa makundi. Mvulana mmoja anashika byureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo wa kudondoshea kemikali, wa pili anatikisa chupa, wa tatu anasoma kipimo kwa sauti. Msichana anapewa kalamu achore jedwali, kwa maelezo kwamba ana mwandiko mzuri. Zoezi likiisha, anaosha vyombo. Na maji ya kuoshea, nani kayaleta? Anayejua uwanda huu wa Makonde anajua shida yetu ya maji. Siku ya maabara, wasichana ndio wanaotumwa na madumu. Kwa hiyo msichana amebeba maji kichwani, ameandika jedwali, ameosha pipeti, na hakuna hata tone moja la asidi alilolidondosha kwa mkono wake mwenyewe. Januari tunamuuliza kama anapenda kemia.

Sisemi wavulana ni wabaya. Hakuna aliyewatuma. Mwalimu akinyamaza, makundi hujipanga yenyewe kwa desturi za nyumbani, na walimu wengi tunanyamaza kwa sababu darasa lina wanafunzi wengi na tunaogopa vifaa kuvunjika. Byureti ikivunjika wiki moja kabla ya mtihani wa taifa, ni kesi.

Nitoe mfano wa zoezi moja ninalofanya sasa na kidato cha pili, kwa kemikali zinazobaki baada ya mtihani wa wakubwa. Unachora alama ya X kwenye karatasi kwa kalamu nyeusi. Juu yake unaweka chupa yenye maji maji ya sodiamu thayosalfeti, yasiyo na rangi kabisa. Unaongeza asidi kidogo, unaanza kuhesabu sekunde, na unatazama kutoka juu. Mwanzoni hakuna kinachotokea. Kisha maji yanaanza kufanya ukungu, yanakuwa meupe kama maziwa yaliyozimuliwa, halafu manjano hafifu, kwa sababu salfa inajitenga, na ile X inafifia mpaka inapotea. Ukiongeza nguvu ya maji yale, inapotea mapema; ukiyazimua, inachelewa. Ni somo zima la kasi ya mmenyuko. Sharti langu ni moja: anayemimina na anayetazama ni msichana kwanza, mvulana anaandika, kisha wanabadilishana.

Kuna binti mmoja aliyekuwa haongei darasani. Alipoinama juu ya ile chupa alisahau kabisa kuhesabu. X ilipopotea akainyanyua chupa, akakuta X ipo pale pale kwenye karatasi, akaiweka tena, akainyanyua tena. Halafu akauliza, "Mwalimu, tukichemsha maji kwanza itawahi?" Swali hilo liko kwenye mtaala wa kidato cha tatu. Yeye amelifikia kwa macho yake. Leo anasoma kemia, na ndiye anayewafundisha wenzake kusoma kipimo kwa kuteremsha jicho mpaka usawa wa maji.

Kuna watakaosema kemia haina uhusiano na maisha ya wasichana wa vijijini. Waje Mtwara. Mama yangu alikuwa mbanguaji wa korosho. Ganda la korosho lina tabaka mbili, na katikati yake kuna mafuta mazito ya rangi ya kahawia, yenye asidi ya anakadi kwa wingi. Mafuta hayo yanaunguza ngozi. Yakikupata vidoleni, ngozi inababuka, inakuwa nyeusi, inatoka. Mama alikuwa anapaka majivu mikononi kabla ya kuanza kazi, na jioni bado alikuwa akishika ugali kwa kuuma meno. Mama wengi wa wanafunzi wangu wamepita kwenye kazi hiyo, na wengine wako nayo mpaka leo.

Sasa, mafuta hayo hayo ndiyo yaliyowapa watu shahada. Profesa Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa wakemia waliochapisha utafiti mwingi juu ya kuligeuza ganda la korosho, ambalo hutupwa kama taka, kuwa malighafi ya thamani. Marehemu Rais John Magufuli, aliyewahi kufundisha kemia na hisabati Sekondari ya Sengerema, alipata shahada yake ya uzamivu ya kemia katika chuo hicho hicho mwaka 2009, na utafiti wake ulihusu namna mafuta ya ganda la korosho yanavyoweza kukinga chuma kisishike kutu. Huwaambia wanafunzi wangu habari hizi kila mwaka, na kila mwaka wanashangaa kwamba kitu kinachomuunguza mama yao kimeandikiwa kitabu kizima. Nawaheshimu watafiti hao na najivunia kazi yao. Ninachokitamani ni siku ambayo utafiti wa namna hiyo utafanywa na binti wa mbanguaji, ambaye pengine swali lake la kwanza litakuwa jinsi ya kuyatoa mafuta hayo bila kuunguza mikono ya mtu.

Bibi mmoja alinijia shuleni mwaka juzi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi.

"Mwalimu, huyu mjukuu wangu mtoeni kwenye hiyo kemia yenu. Nasikia mna asidi humo ndani. Akiungua, nani atamwoa na makovu?"

Nikamtazama mikono. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, ngozi imekakamaa.

"Bibi, hiyo mikono imeunguzwa na nini?"

"Na korosho, mwanangu. Si unajua."

"Basi na hiyo ni asidi, bibi. Tofauti ni kwamba sisi tunamfundisha namna ya kuishika."

Akakaa kimya muda. Halafu akauliza swali ambalo mkaguzi wa shule hajawahi kuniuliza: "Na nyinyi mnavaa nini mikononi?" Nilimwambia tuna glavu, lakini ni chache, wanapokezana. Akasema nisimpe mjukuu wake zilizotoboka. Mjukuu akabaki kwenye kemia.

Kwenye ukuta wa maabara nimebandika picha ya Alice Ball. Alikuwa Mmarekani mweusi, na mwaka 1915 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamili katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Hawaii, shahada ya kemia. Wakati ule ukoma ulitibiwa kwa mafuta ya mti wa chaulmoogra, lakini yalikuwa mazito, hayachanganyiki na maji ya mwili, na sindano yake ilikuwa mateso. Ball ndiye aliyepata njia ya kuyabadilisha yakaweza kudungwa na mwili ukayapokea. Akafariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 24, na mkuu wake wa chuo akaichapisha kazi ile bila kumtaja. Miaka mingi ilipita kabla jina lake halijarudishwa mahali pake. Nawaonyesha mabinti kwa sababu naye alifanya kazi na mafuta ya mmea, na kwa sababu wavulana nao wanapaswa kujua kwamba wanawake waliopata Nobeli ya Kemia tangu 1901 hadi 2025 ni wanane tu, na kwamba uhaba huo una sababu zake, kama uhaba wa darasani kwetu ulivyo na zake.

Mhariri, siwezi kusema Serikali haijafanya kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha programu ya awali kwa wasichana waliokaribia alama za kuingia: wanafundishwa kwa wiki kadhaa kabla ya mwaka wa masomo, wanapewa mtihani, anayefaulu anaingia. Kuna akina mama leo ni walimu, wakemia na wahadhiri kwa sababu ya mlango ule. Katika miaka hii zimejengwa sekondari za wasichana za sayansi, moja kila mkoa, mikoa 26 ya Bara. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ipo Samia Scholarship kwa waliofanya vizuri sana sayansi kidato cha sita. Yote haya nayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini tazameni yanamfikia nani. Ufadhili unampata aliyekwisha kuvuka kidato cha sita. Programu ya awali ilimpata aliyekosa kidogo tu. Shule ya mkoa inachukua wachache waliochaguliwa. Binti wa kata yangu ambaye Januari hakunyoosha mkono hayumo katika hesabu ya yeyote. Hakufeli kemia, aliiacha kabla hajaifahamu, na jina lake haliandikwi kwenye takwimu za waliofeli.

Lipo na jambo la walimu, nalo linauma. Shule zetu zinalia hazina walimu wa sayansi, na wakati huo huo vijana wenye shahada za kemia na ualimu wako mtaani wanasubiri ajira. Baadhi yao wanajitolea kwetu kwa posho inayotoka mifukoni mwa wazazi. Fundi sanifu wa maabara ni adimu zaidi. Katika shule nyingi za kata mwalimu ndiye anayepima kemikali, anayefundisha na anayefunga kabati. Msichana wa hapa anamwona kijana aliyemaliza chuo kikuu na shahada yake ya kemia akiendesha bodaboda, na anapiga hesabu zake. Ni hesabu sahihi. Wala tusishangae wengi wa waliobaki kwenye PCB wakiitazama kemia kama daraja la kwendea udaktari tu, na anayepangiwa shahada ya kemia yenyewe akaonekana amekosa bahati. Mimi niliichagua, niliijaza ya kwanza kwenye fomu, na ningeichagua tena.

Najua nitaambiwa vifaa ni ghali. Si lazima. Dk. Fidelice Mafumiko, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali, aliandika utafiti wake wa shahada ya uzamivu mwaka 2006 juu ya kufanya majaribio ya kemia kwa kiasi kidogo sana cha kemikali katika shule za Tanzania. Maana yake ni matone mahali pa chupa nzima. Na walimu wenyewe wamegundua mengi. Bomba la sindano lisilo na sindano, la duka la dawa, linapima mililita kama pipeti na likianguka halivunjiki. Maua ya choya yaliyolowekwa maji moto yanakuwa mekundu kwenye asidi na ya kijani kwenye magadi. Moto poa kwenye kizibo cha soda unachemsha neli ya majaribio vizuri tu. Kwa kidato cha kwanza na cha pili hivi vinatosha kabisa kumfanya kila mtoto, kwa mkono wake, aone kitu kikigeuka kitu kingine.

Kwa hiyo ombi langu kwa Ofisi ya Rais, TAMISEMI, kwa Wizara ya Elimu na kwa wakurugenzi wa halmashauri si la mabilioni. Katika ruzuku ya uendeshaji inayokuja shuleni, litengwe fungu la maabara kwa kidato cha kwanza na cha pili, lisiguswe kwa ajili ya maandalizi ya mtihani wa kidato cha nne. Wathibiti ubora wa shule wakija, wasiishie kutazama andalio la somo. Waombe kumwona msichana wa kidato cha pili, wampe bomba la sindano, waone kama anajua kulishika. Na kabla ya ule mgawanyo wa Januari, wazazi waitwe, binti na mzazi wakae na mwalimu, waambiwe milango gani inafungwa. Mafundi sanifu wa maabara waajiriwe, hata kama mmoja atazunguka shule mbili au tatu kwa kuanzia, na vijana wa kemia walioko mtaani wapewe nafasi wanazostahili.

Kwa walimu wenzangu wa kemia sina ombi linalohitaji bajeti. Kesho mkiingia maabara, pangeni makundi wenyewe. Kalamu wapeni wavulana. Madumu ya maji yabebwe kwa zamu, wote.

Orodha ya mahitaji ya maabara kwa kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mzima nimeshaiandaa, imejaa ukurasa mmoja wa daftari, na vitu vingi vilivyomo vinapatikana sokoni na kwenye duka la dawa hapa hapa Newala. Halmashauri ikiihitaji, na shule nyingine yoyote ikiihitaji, niko tayari kuitoa wiki hii.

Mwalimu wa Kemia,
Sekondari ya Kata,
Newala, Mtwara.